Maswali ya Wasomaji: Treni ya Mbao Katikati ya Miti ya Pennsylvania

Tangu tulipochapisha makala fupi kuhusu Knoebels, bustani ndogo ya burudani iliyoko Elysburg katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, tumepokea barua nyingi zinazouliza juu ya jambo moja, nalo ni rola kosta ya mbao: ile treni isiyo na injini ambayo huvutwa kwa mnyororo hadi juu ya mlima uliojengwa kwa mbao, kisha ikaachiwa iteremke yenyewe na kuvuka vilima mpaka mwisho wa njia yake. Tumechagua barua tano, na kila moja tumeijibu kwa kirefu kadiri ilivyohitaji.

Je, safari inastahili?

*Ndugu Mhariri, tunaishi Harrisburg, Pennsylvania, mimi na mke wangu na watoto wetu watatu, na kiangazi hiki mama yangu mzazi amekuja kututembelea kutoka Tanga. Watoto wanataka niwapeleke kwenye bustani kubwa yenye rola kosta ndefu za chuma, lakini jirani anasisitiza twende Knoebels kwa ajili ya rola kosta yake ya mbao. Nikitazama picha naona mahali padogo penye miti mingi, na treni ya zamani isiyogeuza watu kichwa chini. Je, panastahili safari? Na mama, ambaye amekwisha kusema kwamba hatapanda chochote, atafanya nini kutwa nzima?*
Msomaji, Harrisburg

Ndugu yangu, kwanza mfikishie mama shikamoo zetu. Jirani yako amekushauri vizuri, na nitaanza na mama kwa sababu kwa familia kama yenu yeye ndiye anayeamua kama siku itakuwa njema au mbaya. Katika bustani nyingi kubwa za Marekani kila anayevuka lango hulipa kiingilio kamili, hata kama amekuja kukaa kwenye benchi na kushika mikoba ya wajukuu, na gari nalo hulipiwa maegesho. Knoebels haina kiingilio wala malipo ya kuegesha gari. Unanunua tiketi na kulipia kila mchezo unaoupanda, au, katika siku zilizopangwa, unanunua ukanda wa mkononi unaokuruhusu kupanda kutwa nzima. Asiyepanda halipi hata senti. Utaratibu huo unabadilisha kabisa namna familia inavyokaa mahali hapo, kwa maana hakuna anayemharakisha mwenzake ili fedha ya kiingilio isipotee bure, na mzee anaweza kukaa kivulini kwa saa nyingi bila mtu kuhesabu kwamba amepoteza kitu. Isitoshe, mnaruhusiwa kuingia na chakula chenu na kukaa kwenye meza zilizotandazwa chini ya miti, kwa hiyo pilau, sambusa na chupa ya chai vina nafasi yake.

Bustani hiyo ilifunguliwa tarehe 4 Julai 1926 na familia ya Knoebel, ambayo mpaka leo ndiyo inayoiendesha, na ilianza kama mahali pa kuogelea kando ya kijito. Mtembezeni mama hadi kwenye farasi wa mbao wanaozunguka. Mtambo huo ulitengenezwa mwaka 1913, una farasi 63 waliochongwa kwa mkono na Charles Carmel, na ni miongoni mwa michache iliyobaki ambapo anayekaa safu ya nje hunyoosha mkono na kuchomoa pete kila anapopita. Anayebahatika kuipata pete ya shaba ya manjano hupanda tena bila malipo. Mtu aliyekulia pwani na kuzipanda pembea za sikukuu ya Idi hatahitaji kuelezwa furaha ya hapo, na sitashangaa mama akibadili msimamo wake. Kuna pia jumba dogo la makumbusho ya uchimbaji wa makaa ya mawe, kwa sababu eneo hilo la Pennsylvania liliishi kwa makaa kwa vizazi vingi.

Sasa nije kwenye rola kosta yenyewe, inayoitwa Phoenix. Ilijengwa mwaka 1947, tena si Pennsylvania bali San Antonio, Texas, katika bustani iliyoitwa Playland Park, na jina lake la kwanza lilikuwa Rocket. Mbunifu wake alikuwa Herbert Schmeck wa Philadelphia Toboggan Company. Playland Park ilifungwa mwaka 1980, na treni ikabaki imesimama bila kazi, mbao zikipigwa jua na mvua, hadi familia ya Knoebel ilipoinunua. Mwanzoni mwa mwaka 1985 mafundi waliibomoa kwa uangalifu, wakatia alama vipande vyake, wakavisafirisha kuvuka nusu ya nchi na kuvisimamisha tena Elysburg, na Juni mwaka huohuo watu wakaanza kuipanda. Kazi hiyo iliwaonyesha wenye bustani wengine kwamba rola kosta kubwa ya mbao inaweza kuokolewa kwa kuhamishwa. Mwaka 1994 nyingine iliyobuniwa na Schmeck huyohuyo, Comet ya Crystal Beach nchini Kanada, ilifunguliwa upya katika bustani ya Great Escape, New York. Kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu ya kwenda: kuketi katika kitu ambacho watu waliamua kisife.

Watoto wako, hata hivyo, hawatatosheka na historia, na wana haki. Waambie hivi. Phoenix ina kimo cha mita 24 hivi, sawa na mnazi mrefu, njia yake ina urefu wa karibu mita 975, na kasi yake hufika kilomita 72 kwa saa. Kwa hesabu hizo peke yake rola kosta nyingi za chuma zinaishinda, tena kwa mbali. Lakini waliopiga kura katika tuzo za jarida la Amusement Today waliichagua kuwa rola kosta bora ya mbao duniani mwaka 2018, na wakairudia mwaka 2019, na waliochagua ni watu waliokwisha kupanda hizo nyingine. Treni hutoka kituoni na kuingia moja kwa moja katika handaki lenye giza kabla hata ya kufika kwenye mnyororo, ikapanda polepole, ikateremka, na tangu hapo haipumziki: huenda hadi mwisho wa uwanja na kurudi, ikaenda tena na kurudi tena, na kila kilima kinachofuata kimepimwa ili kumnyanyua abiria kitini. Vilima vya mwisho, ambavyo katika rola kosta nyingine hupitwa kwa uchovu, hapa ndivyo vinavyowainua watu kuliko vyote. Abiria wawili hushirikiana nondo moja tu ya kuzuia mapaja, na nondo hiyo hujifunga katika kimo kilekile kwa mnene na mwembamba; hakuna mkanda wala kizuizi kati yao. Ndiyo maana mtu hubaki na nafasi ya kuelea.

Ipandeni mara ya kwanza mkiwa mmekaa katikati ya treni, kisha nendeni mkashughulike na mambo mengine, na muirudie baada ya jua kuzama, katika behewa la nyuma. Taa ni chache katika sehemu kubwa ya njia, na kilima usichokiona huwa kirefu zaidi ya kile ulichokiona mchana. Wakitaka zaidi kuna Twister, ya mbao pia, yenye kimo cha mita 31, iliyofunguliwa mwaka 1999. Wenye Knoebels walikusudia kwanza kuihamisha rola kosta ya Mister Twister kutoka Denver, wakaona ni afadhali kujenga mpya kwa kuiga ile, na John Fetterman akaupanga upya mchoro ili uenee kwenye kiwanja kidogo, hata mlima wa kupandia ukagawanywa sehemu mbili. Ni nzuri, ina mizunguko mingi, nayo hutikisa mwili zaidi. Mwenye muda mfupi aipande Phoenix mara mbili kuliko kuzigawa.

Kutoka Harrisburg ni mwendo wa gari wa zaidi kidogo ya saa moja kuelekea kaskazini. Wakati wa kiangazi bustani hufunguliwa kila siku, na katika majira ya kuchipua na ya vuli hufunguliwa zaidi mwishoni mwa juma, kwa hiyo tazama kalenda yao kabla ya kuondoka.

Mbao zinawezaje kubeba?

*Mhariri, mimi ni fundi seremala, na nimefanya kazi ya mbao za paina kwa muda mrefu. Ubao hupinda, huvimba mvua inaponyesha na hupasuka jua linapowaka. Nataka kueleweshwa jinsi treni yenye watu inavyoweza kupita juu ya mbao kwa kasi hiyo, mwaka hadi mwaka, bila kuziangusha, na kwa nini wasijenge kwa chuma wakamaliza.*
Fundi, Mafinga

Fundi, umegusa kiini cha jambo lote, na ninafurahi kwamba swali limetoka Mafinga, ambako watu wanaijua paina tangu ikiwa mche. Hofu uliyoitaja ni ya kweli. Waliobuni rola kosta hizi hawakuipuuza, bali walijenga wakijua kwamba mbao zitacheza, wakaupangia mchezo huo mahali pake.

Muundo mzima umesimama juu ya fremu nyingi za nguzo na mbao za kukingama, zimepangwa karibukaribu, zimefungwa kwa boliti na kukazwa kwa mbao za mshazari ili zisiyumbe. Njia yenyewe si ubao mmoja wala boriti moja. Ni mbao bapa zilizolazwa moja juu ya nyingine, kwa kawaida tabaka saba au nane, na maungio ya tabaka moja hupishana na maungio ya tabaka jingine ili pasiwepo mahali hata pamoja ambapo njia yote imekatika. Kwa kuwa kila ubao ni mwembamba, fundi anaweza kuukunja afuate kona au mgongo wa kilima bila kuuvunja. Ubao mnene wa ukubwa wa njia nzima usingekubali. Tabaka mbili za juu hutokeza kidogo kuelekea ndani. Juu yake hufungwa ukanda wa chuma ambao gurudumu hukanyaga, kwa hiyo mbao hazisuguliwi na gurudumu hata kidogo. Na ukingo ule uliotokeza nao hufungwa chuma ubavuni na chini yake.

Ukingo huo ndio unaozuia treni isiruke. John Miller, mbunifu wa Kimarekani, alipata hataza mwaka 1919 ya gurudumu linalokaa chini ya njia, likiishika treni kwa upande wa chini wakati gurudumu la juu likibeba uzito na lile la pembeni likiongoza. Kabla ya hapo treni zilikaa juu ya njia kwa uzito wake tu, na mbunifu hakuthubutu kuchora kilima kikali kwa kuogopa kwamba kitairusha. Mfano wa zama hizo bado upo katika jimbo hilohilo la Pennsylvania, mjini Altoona, katika bustani ya Lakemont: Leap-the-Dips ya mwaka 1902, ambayo ndiyo rola kosta ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani. Kimo chake ni mita 12 na nusu, na mteremko wake mkubwa haufiki hata mita tatu. Ilisimama mwaka 1985, ikatambuliwa na serikali kuwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 1996, ikakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 1999. Ukizilinganisha hizo mbili, hiyo na Phoenix, utaona kwamba gurudumu moja la chini ndilo lililozaa kila kilima kinachowapigisha watu kelele leo.

Kwa nini si chuma? Wengi wamejenga kwa chuma, na rola kosta nyingi duniani ni za chuma. Lakini mbao hukubali kunesa treni inapopita, zikaupokea mshtuko na kuurudisha, na mneso huohuo ndio abiria anaousikia mwilini kama uhai wa kitu anachokipanda. Treni ya mbao haina mwendo ule ule siku zote. Asubuhi ya baridi grisi huwa nzito na treni hujivuta. Jioni, baada ya kuzunguka kutwa nzima, magurudumu yamepata joto na inakimbia zaidi.

Gharama ya uhai huo ni kazi isiyokwisha, na hapa ndipo ninapotaka heshima iende kwa wanaostahili. Kila asubuhi kabla ya wageni kuingia, mafundi huikagua njia kwa miguu, wakitafuta boliti iliyolegea, msumari uliotokeza au ubao ulioanza kupasuka. Kisha treni tupu huzungushwa kwanza. Bustani inapofungwa wakati wa baridi, sehemu zilizochoka hufumuliwa na kujengwa upya tabaka kwa tabaka. Kwa hiyo usidhani kwamba mbao zote zilizopo Phoenix leo ndizo zilizokatwa mwaka 1947. Kilichohifadhiwa ni umbo la njia, vipimo vya kila kilima, na ujuzi wa mikono unaopitishwa kutoka kwa fundi mzee kwenda kwa kijana. Rola kosta nyingi za mbao zilizopotea hazikuangushwa na uzee wa mbao. Ziliangushwa na wenye mali waliochoka kuwalipa maseremala, au waliouza kiwanja.

Kuna kazi nyingine hapo Knoebels ambayo ningependa fundi kama wewe uione, nayo inaitwa Flying Turns. Haina reli. Njia yake ni mfereji wa mbao uliokunjwa kwa ndani, na mabehewa madogo yenye magurudumu huviringika humo huru, yakipanda ukuta wa mfereji katika kila kona kadiri kasi inavyoyasukuma. Wazo hilo lilikuwa la John Norman Bartlett, na ya kwanza ilifunguliwa Dayton, Ohio, mwaka 1929; baadaye zote za mbao zikatoweka. Knoebels walianza kujenga yao mwaka 2006, na kwa sababu ya matatizo ya magurudumu na mabadiliko mengi ya mchoro hawakuifungua hadi Oktoba 2013. Miaka saba ya kufumua na kufunga upya, bila ya kuwapo fundi aliyewahi kuijenga ambaye wangeweza kumuuliza: sijui kama kuna ushahidi mkubwa zaidi kwamba watu hao wanaipenda kazi yao.

Kwa nini mtu huinuka kitini?

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Nimesoma kwamba treni hizi hazina injini, na kwamba abiria huinuka kwenye kiti ingawa hakuna kinachomsukuma kutoka chini. Naomba maelezo kwa fizikia.*
Mwanafunzi, Mombasa

Marahaba, mwanangu. Tuanze na mlima wa kwanza. Mnyororo unaendeshwa na mota iliyofungwa chini, na kazi yake ni kuipandisha treni tu. Ile sauti ya kugongagonga unayoisikia treni inapopanda hutokana na kipande cha chuma kilicho chini ya behewa, ambacho hudondokea katika jino baada ya jino ili mnyororo ukikatika treni isirudi nyuma. Ikishavuka kilele, nishati iliyopewa kwa kunyanyuliwa hugeuka kuwa ya mwendo. Mteremko wa kwanza wa Phoenix una mita 22 hivi. Chukua kanuni uliyofundishwa, mraba wa kasi ni sawa na mara mbili ya mchapuko wa mvutano ukizidishwa kwa kimo, na utapata karibu mita 21 kwa sekunde, yaani kilomita 75 kwa saa. Kasi inayotajwa ni 72. Kilichopungua kimeliwa na msuguano na upepo. Kwa sababu hiyohiyo kilima kinachofuata hakiwezi kuwa kirefu kuliko cha kwanza.

Kuhusu kuinuka, usemi wako kwamba hakuna kinachomsukuma ni sahihi kabisa, na jibu limo humo. Abiria hainuliwi, kiti ndicho kinachomwacha. Treni inapopita juu ya mgongo wa kilima, mwili wako unataka kuendelea na mwelekeo uliokuwa nao, na kinachokurudisha chini ni mvutano wa dunia tu. Reli ikipinda kwenda chini kwa upole, mvutano unatosha kukubakiza kitini. Ikipinda kwa ukali zaidi ya njia ambayo mwili wako ungeifuata kama ungekuwa umerushwa angani, kiti hushuka haraka kuliko wewe, na nondo ya mapajani ndiyo inayokukumbusha kushuka nacho. Jaribu hesabu: treni ikiwa na kasi ya mita 10 kwa sekunde juu ya kilima ambacho upinde wake una nusukipenyo cha mita 10, gawanya mraba wa kasi kwa nusukipenyo na utapata 10, ambayo ni karibu sawa kabisa na mchapuko wa mvutano. Hapo uzito wako juu ya kiti ni kama hakuna. Ongeza kasi kidogo, na utaelea.

Hisia ya tumbo kupanda kifuani hutokana na hilohilo. Viungo vya ndani, ambavyo siku zote huning'inia kwa uzito wake, kwa muda mfupi havining'inii tena, na mwili hukuarifu. Schmeck alizijua hesabu hizi vizuri sana, akavipanga vilima vya Phoenix kwa namna ambayo treni, hata inapopoteza kasi, hukuta kila mara kilima kilichokunjwa kwa kadiri ya kasi iliyobaki. Ndiyo maana vilima vyake vya mwisho ni vifupi na vikali. Ukipenda kusomea uhandisi, chora njia yake kwenye karatasi ya grafu na ukokotoe kasi katika kila kilele. Utajifunza mengi kuliko kwa maswali kumi ya mtihani.

Mjamzito, presha na mtandio

*Mhariri, tunapanga kwenda na marafiki. Nina ujauzito wa miezi mitano, mume wangu ana shinikizo la damu, na wanawake wengi katika kundi letu tunavaa hijabu. Tufanyeje?*
Msomaji, Columbus, Ohio

Dada yangu, wewe usipande rola kosta yoyote katika hali hiyo, hata ile inayoonekana ndogo, kwa maana tatizo si kimo bali mitikisiko na kukazwa kwa nondo. Mumeo aulize daktari wake kabla ya safari, si siku ya safari. Matangazo yaliyobandikwa langoni kwa ajili ya wenye maradhi ya moyo, mgongo na shingo yasomwe na kufuatwa.

Hijabu si kizuizi. Kilicho hatari ni ncha ndefu ya mtandio inayopepea, kwa sababu inaweza kunaswa au kumfunika macho abiria wa nyuma. Vaeni mitandio mifupi au ile ya kuvutwa kichwani isiyo na ncha, chomekeni kilichobaki ndani ya nguo, na pini ziwe zile zenye kufungwa. Miwani, simu na ndala zisizo na kamba ziachwe kwa asiyepanda. Na kama mna watoto wadogo, kila mchezo una kimo chake kilichoandikwa mlangoni. Msiwafundishe kusimama kwa vidole ili wapite, kwani kipimo hicho kimewekwa kwa jinsi nondo inavyomshika mtoto, wala si kwa ukali wa mhudumu.

Huku Ulaya je?

*Mhariri, sina uwezo wa kwenda Marekani. Je, Uingereza au nchi za jirani kuna bustani ndogo yenye rola kosta ya mbao ya zamani? Na kwa nini zimebaki chache?*
Msomaji, Leicester

Nianze na swali lako la pili, kwa ufupi. Biashara ya treni hizi ilianzia Coney Island, New York, mwaka 1884, LaMarcus Thompson alipotoza senti tano kwa treni iliyokwenda polepole kuliko baiskeli. Ikakua haraka hadi miaka ya 1920, kisha mdororo mkuu wa uchumi ukafunga bustani nyingi, vita ikafuata, na viwanja vya pembeni mwa miji vikawa na thamani kubwa kwa nyumba kuliko kwa burudani. Hamu ya kujenga upya ilirudi Marekani mwaka 1972, The Racer ilipofunguliwa Kings Island, Ohio.

Kwako wewe ningependekeza Great Yarmouth, katika pwani ya mashariki, ambako Pleasure Beach ina rola kosta ya mbao ya mwaka 1932. Haijiendeshi yenyewe: mwendesha breki hupanda pamoja na abiria, akaitazama njia na kupunguza kasi kwa mkono wake. Ni watu wachache sana duniani wanaoifanya kazi hiyo leo, na kumwona mmoja akiifanya ni jambo la thamani. Kuna pia Scenic Railway ya Dreamland, mjini Margate, iliyojengwa mwaka 1920, ikachomwa moto mwaka 2008 na kufunguliwa tena mwaka 2015. Hiyo uulizie kwanza kama inafanya kazi kabla ya kununua tiketi ya treni. Blackpool ina Big Dipper ya mwaka 1923 na Grand National ya mwaka 1935, zote nzuri, ila bustani hiyo ni kubwa na ina msongamano.

Ukiweza kuvuka bahari, nenda Copenhagen. Rutschebanen iliyo Tivoli ni ya mwaka 1914 na ina mwendesha breki mpaka sasa, lakini Tivoli hutoza kiingilio. Bakken, iliyo kaskazini mwa mji, haitozi, na rola kosta yake ya mbao ni ya mwaka 1932. Panda treni ya mjini hadi kituo cha Klampenborg, kisha utembee kwa miguu kupitia msituni. Bakken haifunguliwi mwaka mzima, kwa hiyo tazama kalenda yao na upange safari yako kuanzia majira ya kuchipua hadi mwisho wa kiangazi.